Mgomo Ukiisha, Manung'uniko ya Wahadhiri Hubaki

Novemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya walirejea madarasani baada ya mgomo wa siku 49. Serikali ilikuwa imekubali kulipa shilingi bilioni 7.9, malimbikizo ya mkataba wa makubaliano ya pamoja wa 2017 hadi 2021. Wazazi walishusha pumzi, ratiba zikapangwa upya, na wengi waliona jambo limekwisha: wahadhiri walitaka fedha, wameahidiwa fedha, sasa wafundishe. Kauli ya namna hiyo husikika karibu kila mahali mgomo wa wahadhiri unapomalizika. Naiona ni tafsiri finyu. Na kwa kuwa sera nyingi za vyuo huandikwa kwa kuifuata, ufinyu wake unatugharimu.

Ninachoshikilia ni kwamba mshahara ni sharti la kuridhika kazini, wala simwombi mtu aupuuze. Lakini kinachowakatisha wahadhiri tamaa mwaka hadi mwaka, hata pale wanapolipwa vizuri na kwa wakati, ni kupungukiwa na usemi juu ya kazi yao. Muda wao unapangwa na wengine, uamuzi wao wa kitaaluma unapimwa kwa vigezo vilivyotungwa na watu wasiolijua somo, na wengi hawana uhakika kama mwakani watakuwapo. Makubaliano yanayogusa mshahara pekee hununua utulivu wa miaka michache. Nazo hojaji zinazowauliza wahadhiri kama wameridhika "kwa jumla" haziwezi kuliona tatizo hili, maana zinachanganya mapenzi ya kufundisha na kutafiti na masharti ya kuajiriwa, kisha zinatoa wastani mmoja.

Anayedhani migomo hii ni ya fedha tu asome madai yenyewe. Chama cha wahadhiri wa Nigeria, ASUU, kiligoma kuanzia Februari 14 hadi Oktoba 14, 2022, miezi minane kamili. Mishahara ilikuwamo kwenye orodha ya madai, lakini kando yake yalikuwamo utekelezaji wa makubaliano ya 2009 kati ya chama na serikali, fedha za kufufua vyuo vilivyochakaa, na mgogoro kuhusu mfumo wa kulipia mishahara ulioitwa IPPIS. Mfumo huo uliendeshwa na serikali kuu. Wahadhiri walilalamika kwamba haukuelewa mambo ya chuo, kama likizo ya utafiti au malipo ya mhadhiri mgeni, na kwamba uliyanyang'anya mabaraza ya vyuo mamlaka juu ya watumishi wao. Hawakuishia kulalamika. Walitengeneza mfumo wao mbadala, UTAS, wakaupeleka serikalini ufanyiwe majaribio. Mtu anayetaka fedha tu hahangaiki kuunda programu ya kompyuta ili fedha zile zile zimfikie kwa njia nyingine. Walichokuwa wakigombania ni nani mwenye neno la mwisho chuoni. Serikali iliamua kuviondoa vyuo kwenye IPPIS Desemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mgomo kwisha, na kati ya mishahara ya miezi minane iliyozuiwa kwa sababu ya mgomo, rais alikuwa ameidhinisha miezi minne tu Oktoba ya mwaka huo.

Uingereza nako mgomo uliotikisa vyuo kuanzia Februari 22, 2018 ulihusu pensheni. Katikati ya mwezi uliofuata viongozi wa chama cha wahadhiri na wawakilishi wa vyuo walifikia makubaliano, na kesho yake matawi ya chama yakayakataa. Mafao yaliyokatwa baadaye yalirejeshwa Aprili 2024. Kwa hesabu ya fedha, huo ni ushindi mkubwa, wa aina ambayo vyama vya wafanyakazi huupata kwa nadra. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo madai yalikuwa yamekwisha kupanuka: mzigo wa kazi, mikataba ya muda mfupi, pengo la malipo kati ya wanawake na wanaume. Pensheni ilirudi, na mambo haya yakaendelea kuwagombanisha wahadhiri na waajiri wao.

Ujerumani inafundisha zaidi, kwa sababu huko suala halikuwa kiwango cha mshahara hata kidogo. Sheria ya 2007 inaruhusu vyuo kuwaajiri watafiti kwa mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya shahada ya uzamivu na mingine sita baada yake. Miaka 12 ikiisha bila mtu kupata kiti cha kudumu, mlango kwa kawaida hufungwa. Wizara inayohusika na elimu na utafiti ilikuwa imetoa video fupi ya katuni kuieleza sheria hiyo kwa mfano wa mtafiti kijana aitwaye Hanna, na ndani yake ikasemwa kwamba mikataba ya muda inazuia kizazi kimoja kisizibe nafasi zote. Juni 2021 watafiti waliigundua video hiyo, na kwa siku chache maelfu wakaandika mtandaoni chini ya alama ya #IchBinHanna, yaani mimi ndiye Hanna, wakieleza umri wao, idadi ya mikataba waliyopitia na jinsi walivyochelewa kupata watoto. Hao ni watu wanaolipwa kila mwezi, katika nchi tajiri. Kilichowachoma ni kuambiwa na serikali yao kwamba kuwapo kwao kwa kudumu ni uchafu unaoziba bomba.

Sasa niwape nafasi wanaosema mshahara ndio kila kitu, kwa sababu hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Watafiti wa saikolojia ya kazi hupenda kunukuu uchambuzi wa Timothy Judge na wenzake wa 2010, uliojumlisha tafiti nyingi na kukuta uhusiano kati ya kiwango cha malipo na kuridhika kazini ni 0.15 tu, yaani hafifu. Wakuu wa vyuo wakiupata uchambuzi huo huutumia kama ngao. Lakini kulinganisha mwenye mshahara mdogo na mwenye mshahara mkubwa, wote wakilipwa, hakutuambii chochote kuhusu mtu ambaye mshahara wake umechelewa miezi mitatu, au makato yake ya bima yamekatwa na hayakupelekwa. Malipo yasiyotabirika yanavuruga maisha kwa namna ambayo malipo madogo hayafanyi: huwezi kupanga ada, kodi ya nyumba wala matibabu. Na kuna ushahidi mwingine uliotoka chuoni kwenyewe. Mwanauchumi David Card na wenzake watatu walichapisha mwaka 2012 jaribio walilolifanya kwa wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California. Baadhi yao waliambiwa kwamba ipo tovuti inayoonyesha mshahara wa kila mtumishi. Waliokuwa wakilipwa chini ya mshahara wa kati wa wenzao walipungukiwa na kuridhika, na nia yao ya kutafuta kazi kwingine ikapanda. Waliokuwa juu ya kiwango hicho hawakufurahi zaidi. Kwa hiyo fedha inauma inapokosekana au inapogawanywa isivyo haki, lakini nyongeza yake kwa mtu aliyekwisha kutosheka huleta furaha kidogo sana.

Jambo hili mwanasaikolojia Frederick Herzberg aliligusa tangu 1959. Yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani, wakiwataka wasimulie walipojisikia vizuri mno kazini na walipojisikia vibaya mno. Masimulizi mazuri yalihusu kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe na kupewa dhamana. Mabaya yalihusu sera za kampuni, usimamizi, mazingira na malipo. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kuondoa kero hakumfanyi mtu aipende kazi, na kuipenda kazi hakuondoi kero. Wakosoaji walimjibu kwamba watu hujipa sifa kwa mazuri na kulaumu mazingira kwa mabaya, hivyo huenda mgawanyo huo umezaliwa na namna ya kuuliza. Kwa kazi nyingi nadhani wana haki. Kwa wahadhiri, hata hivyo, mgawanyo unashika kwa sababu iliyo nje ya saikolojia. Mhadhiri anatambuliwa na wanataaluma wenzake walio mbali, wahariri wa majarida, watahini wa nje, wanafunzi waliokwisha kuhitimu. Anayemlipa, kumpangia vipindi na kuamua kama atapandishwa cheo ni mwingine kabisa. Mazuri yanatoka upande mmoja na mabaya upande wa pili. Ndiyo maana mtu huyo huyo anaweza kukuambia, bila kujipinga, kwamba hawezi kufanya kazi nyingine yoyote duniani na kwamba chuo chake kinamuua.

Tazama basi kinachotokea hojaji inapomfikia mtu wa namna hiyo. Swali la mwisho linasema: "Kwa jumla, umeridhika kiasi gani na kazi yako?" na chini yake kuna namba moja hadi tano. Anayejaza ni mhadhiri wa mkataba wa mwaka mmoja. Wiki hiyo mwanafunzi wake wa uzamili ametetea tasnifu na wajumbe wa jopo wamempongeza. Wiki hiyo hiyo ofisi ya utumishi haijamjibu kama mkataba utaongezwa. Anaandika nne. Ripoti inatoka ikisema wahadhiri wa kitivo hicho wameridhika kwa wastani mzuri, mkuu wa chuo anaisoma mbele ya baraza, na mwaka unaofuata mhadhiri yule hayupo. Hakuna aliyedanganya hapo. Swali lilikuwa bovu. Nimeshiriki katika kujaza hojaji za aina hii, na sijawahi kuona moja iliyotenganisha majibu ya wa kudumu na ya wa mkataba kwenye ripoti iliyorudishwa kwetu, ingawa hali ya ajira huulizwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Tofauti hiyo ya hali ya ajira si jambo la pembeni. Marekani, ambako tamko la 1940 la chama cha maprofesa, AAUP, liliufanya uhakika wa ajira kuwa kinga ya uhuru wa kitaaluma, takriban theluthi mbili ya wanaofundisha vyuoni sasa wako nje ya mfumo wa ajira ya kudumu. Mwaka 1987 walikuwa chini ya nusu. Wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 waliogoma Chuo Kikuu cha California Novemba 2022 walikuwa wengi wao wakufunzi wasaidizi na watafiti vijana, watu wanaosahihisha na kuendesha semina huku majina yao hayaonekani kwenye orodha ya maprofesa. UNESCO nayo, katika pendekezo lake la 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, iliuweka uhakika wa ajira pamoja na uhuru wa kitaaluma na ushiriki katika kuendesha chuo. Viliwekwa pamoja kwa sababu nzuri. Anayesubiri kuongezewa mkataba hanyanyui mkono kwenye kikao cha idara kusema kwamba darasa la wanafunzi 400 haliwezi kufundishwa uandishi.

Wakuu wa vyuo wana hoja yao, na ni nzito. Mwaka 2000 dunia ilikuwa na wanafunzi wa elimu ya juu wapatao milioni 100. Kwa takwimu za UNESCO, mwaka 2023 walifika milioni 264. Upanuzi huo ni jambo jema, maana umewafikia vijana ambao wazazi wao waliuona mlango wa chuo kwa mbali tu. Lakini fedha hazikukua kwa kasi hiyo, na anayelipa kodi ana haki ya kuuliza zinakwenda wapi. Ndiyo asili ya tathmini kama ile iliyoanza Uingereza mwaka 1986, ya kupima utafiti wa kila chuo na kugawa ruzuku kwa matokeo yake. Siamini kwamba mhadhiri hapaswi kuwajibika. Nimewaona walioingia darasani na daftari la maandishi ya miaka 15 iliyopita, na wanafunzi wao walistahili kulindwa.

Kasoro iko kwenye kinachohesabiwa. Makala iliyochapishwa ina jina, jarida na tarehe, kwa hiyo inahesabika kirahisi. Saa mbili za kukaa na mwanafunzi ambaye sura yake ya pili haisimami hazina mahali pa kujazwa kwenye fomu. Wanasayansi waliokutana San Francisco Desemba 2012 walitoa azimio, maarufu kwa jina la DORA, wakitaka vyuo viache kumpima mtafiti kwa umaarufu wa jarida alilochapishia, na tangu hapo maelfu ya taasisi yametia sahihi. Kutia sahihi ni rahisi. Ukiisoma fomu ya kuomba kupandishwa cheo katika baadhi ya vyuo, bado utakuta safu ile ile ya majarida na alama zake.

Chukua hesabu ya kusahihisha, kwa sababu hapo mambo yanaonekana wazi. Darasa lina wanafunzi 280. Kila karatasi ya mtihani ina maswali manne ya insha. Anayesoma kwa haki, akaandika maoni mafupi na kujumlisha alama, akitumia dakika 12 kwa karatasi moja, atahitaji saa 56. Hizo ni saa zaidi ya wiki nzima ya kazi, kwa kozi moja, kabla ya kikao cha kulinganisha alama na mtahini wa ndani. Majedwali mengi ya mzigo wa kazi huhesabu saa za darasani, labda na nyongeza ndogo ya maandalizi. Zilizobaki zinatoka usiku na Jumapili. Mtafiti Robert Karasek alionyesha mwaka 1979, kwa takwimu za Marekani na Sweden, kwamba kazi nzito huumiza zaidi pale anayeifanya anapokosa uhuru wa kuamua namna ya kuifanya. Kwa mhadhiri maana yake ni hii: anayechagua kukesha akimalizia makala yake anaamka amechoka lakini mzima, anayekesha kwa sababu mfumo wa kuingiza alama unafungwa saa sita usiku, kwa amri ya ofisi ambayo haikuuliza darasa lina watu wangapi, anaamka na kinyongo. Saa ni zile zile.

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika kama mtu, ilipotolewa Novemba 2022 hesabu hiyo imeharibika zaidi, na hapa naona vyuo vingi vimekosea. Kazi ya nyumbani iliyokuwa ikisomwa ili kumjua mwanafunzi sasa inasomwa kwa shaka: hii ni sauti yake au ya akili mnemba? Mhadhiri anageuzwa mpelelezi bila kupewa muda wala mamlaka ya upelelezi. Njia ya kuaminika ipo, nayo ni kumwita mwanafunzi aitetee kazi yake kwa mdomo, ila dakika 10 kwa wanafunzi 280 ni karibu saa 47 nyingine. Ajuaye kama somo lake linahitaji hilo, au mtihani wa darasani, au kuiruhusu zana hiyo waziwazi, ni mwenye somo. Miongozo inayoshushwa kutoka juu, ya aina moja kwa uhandisi, sheria na fasihi, inamwondolea hata uamuzi huo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa kwa sauti kubwa zaidi: ualimu ni wito, aliyechoka aondoke, nje wapo wengi wenye shahada za uzamivu wanaosubiri. Wanaosema hivi husahau jinsi kuondoka chuoni kulivyo. Mtaalamu wa lugha za kale au wa hisabati halisi ana waajiri wachache mno wanaohitaji ujuzi wake, na mara nyingi wote ni vyuo. Halafu wanaoondoka kwanza huwa ni wale wenye pa kwenda: wa kompyuta, wa tiba, wa takwimu, na waliokwisha kujenga jina nje ya nchi. Wanaobaki wakiwa wamekata tamaa hawagomi kila siku, wanapunguza. Tasnifu inarudi baada ya miezi sita ikiwa na maoni ya mistari miwili. Maswali ya mtihani ni ya mwaka juzi. Anayelipia ni mwanafunzi. Na kuhusu wito, mwenye wito ndiye anayestahili kulindwa zaidi, kwa sababu ndiye asiyeweza kuacha darasa liharibike hata anapoonewa. Kuutumia wito wake kama sababu ya kutomlipa au kutomsikiliza ni kuvuna kwa mtu kwa kuwa tu hawezi kukataa kupanda.

Ikiwa ninayoyasema ni kweli, basi vyama vya wahadhiri navyo vina sehemu ya lawama. Asilimia ya nyongeza ni rahisi kuidai, kuitangaza na kuisherehekea, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kila mazungumzo, na mambo ya idadi ya wanafunzi kwa mhadhiri au saa za kusahihisha yanawekwa mwishoni, pale wajumbe wamechoka na serikali imesema fedha zimekwisha. Wanachama wa mkataba wa muda, ambao mara nyingi hawana kura wala muda wa vikao, wanaguswa kidogo sana na nyongeza inayohesabiwa kwa ngazi za mishahara ya kudumu. Chama kinachotaka kujua wanachama wake wanaumia wapi kinaweza kuanza kwa hojaji yake chenyewe, yenye maswali yaliyotenganishwa: kufundisha, kutafiti, malipo, uongozi, usalama wa ajira, usemi katika maamuzi. Matokeo yatolewe kwa makundi, wa kudumu mbali na wa mkataba, wanawake mbali na wanaume, wahadhiri wasaidizi mbali na maprofesa. Wastani wa chuo kizima usichapishwe kabisa.

Kwa upande wa vyuo, yapo yanayohitaji fedha nyingi na yapo yasiyohitaji. Kupunguza madarasa kunahitaji kuajiri, na kuajiri kunahitaji bajeti, hilo nalikubali. Lakini kuziingiza saa za kusahihisha na kusimamia tasnifu kwenye jedwali la mzigo wa kazi kunahitaji uaminifu tu, hata kama matokeo yake yataonyesha kwamba chuo kinaendeshwa kwa saa zisizolipwa. Kuwapa wahadhiri wa mkataba viti vyenye kura kwenye bodi ya kitivo ni suala la kurekebisha kanuni. Na kifungu kinachomlazimu mwajiri kumjulisha mhadhiri kwa maandishi, muhula mmoja kabla mkataba haujaisha, kama ataendelea au la, baraza la chuo linaweza kukipitisha katika kikao kimoja, bila kusubiri mgomo mwingine wala mgao wa serikali.